Kwa nini wauguzi wanamuuliza baba yangu kama jiwe linaelea?

Swali: Shikamoo Mtaalamu. Baba yangu ana miaka 68, ni mvuvi wa Kibirizi hapa Kigoma. Alifanyiwa upasuaji wa utumbo uliotoboka, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mashine imeshatolewa, lakini hayuko sawa. Mchana mara nyingi amelala kimya, anakutazama kama hakuoni. Juzi usiku alitaka kushuka kitandani akisema mtumbwi unamwacha. Kila zamu wauguzi humshika mkono, wanamtajia herufi, na wakati mwingine wanamuuliza kama jiwe linaelea juu ya maji na kama ziwani kuna samaki. Kaka yangu amekasirika, anasema wanamdhihaki mzee. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu, tumtoe tukamwagulie. Wauguzi wanasema ana deliriamu. Wanaijuaje? Na mtu aliyetulia hivyo anaambiwaje kwamba amechanganyikiwa? Je, atabaki hivi?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na poleni kwa kuuguza. Nitaanza na la kaka yako, kwa kuwa hasira yake naielewa: mtu aliyelea watoto kwa samaki wa Ziwa Tanganyika anaulizwa kama ziwani kuna samaki, tena mbele ya wanawe. Hapana dhihaka hapo. Swali limechaguliwa rahisi kwa makusudi, ili anayelikosa asiwe amelikosa kwa sababu hakusoma au kwa sababu amezeeka. Baba yako akiwa mzima angelijibu bila kufikiri. Akilikosa leo, muuguzi anajua kwamba maarifa yake yapo palepale, na kilichoyumba ni uwezo wa ubongo wa kulishika swali, kulipima na kulitolea jibu.

Deliriamu ni hali ya ubongo kushindwa kazi yake kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, kwa sababu ya ugonjwa ulio mahali pengine mwilini, au dawa, au vyote kwa pamoja. Katika maradhi mazito figo huweza kushindwa, mapafu huweza kushindwa, na ubongo nao vilevile. Ila figo zikishindwa mkojo hupungua na kila mtu anauona kwenye mfuko, ilhali ubongo ukishindwa dalili yake huenda ikawa ni ukimya tu. Kwa wagonjwa waliopumua kwa mashine hali hii ni ya kawaida mno. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wa aina hiyo waliipata wakati fulani wakiwa wamelazwa.

Watu wengi wakisikia kwamba mgonjwa amechanganyikiwa humfikiria yule anayepiga kelele, anayeng'oa dripu na kurusha ngumi. Huyo yupo, lakini mwenye fujo tangu mwanzo hadi mwisho ni wa nadra. Walio wengi ni wa kimya, au ni wa mchanganyiko kama baba yako, ambaye mchana hana neno na usiku anaukimbilia mtumbwi. Mgonjwa wa kimya hamsumbui mtu, na katika wodi yenye vitanda vingi na wauguzi wachache asiyesumbua huandikwa kwamba ametulia na amelala vizuri, zamu ikapita, na nyingine ikapita. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kazi ya kuwahudumia mahututi, na ndiyo sababu nimefurahi kusikia kwamba wauguzi wenu wanampima kila zamu hata anapokuwa ametulia. Imeonekana katika tafiti nyingi kwamba mhudumu anayetegemea macho na uzoefu wake peke yake, bila kipimo, huwapita wagonjwa wengi wenye deliriamu, na wanaopitwa zaidi ni hao wa kimya.

Kwa jinsi ulivyokieleza, kipimo wanachotumia ni kile kiitwacho CAM-ICU, kilichotengenezwa na daktari Wesley Ely na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani na kutangazwa mwaka 2001. Kilitokana na kipimo cha mwaka 1990 cha daktari Sharon Inouye, ambacho kilitegemea mazungumzo na mgonjwa. Wagonjwa mahututi wengi wana bomba kooni na hawawezi kutamka hata neno moja, kwa hiyo kipimo kikageuzwa ili mgonjwa ajibu kwa kubana mkono au kutikisa kichwa. Hakihitaji maabara, mashine wala umeme, na muuguzi aliyekizoea hukimaliza kwa dakika moja au mbili, jambo linalokifanya kifae Kigoma sawasawa na kinavyofaa kwao kilikotoka.

Kabla ya herufi kuna hatua ambayo huenda hamkuigundua. Muuguzi husimama kando ya kitanda, humwita mgonjwa kwa jina, humwambia afumbue macho na kumtazama, huku akihesabu sekunde kimoyomoyo. Anapima kiwango cha kuwa macho kwa kipimo kiitwacho cha Richmond, ambacho huanzia +4 kwa mgonjwa anayepigana hadi kuwahatarisha wahudumu, na kuishia -5 kwa asiyeitikia sauti wala mguso. Sifuri ni ya mtu aliye macho na aliyetulia. Anayesinzia, lakini akiitwa humtazama aliyemwita kwa zaidi ya sekunde 10, hupewa -1. Asiyefikisha sekunde hizo hupewa -2. Anayejitikisa tu au kufumbua macho bila kumtazama mtu hupewa -3. Aliye -4 au -5 hapimwi deliriamu kwa saa hiyo, maana hawezi kuulizwa chochote. Muuguzi humrudia baadaye, na wakati huohuo hujiuliza kama dawa za usingizi zimezidi. Kwa hiyo hayo macho unayosema yanakutazama kama hayakuoni, muuguzi ameyaona pia, na ameyapa namba.

Baada ya hapo yapo mambo manne ya kutafuta, na la kwanza linawahitaji ninyi wanafamilia kuliko linavyomhitaji mgonjwa. Muuguzi anatakiwa kujua kama akili ya mgonjwa imebadilika ghafla kuliko ilivyokuwa kabla ya kuugua, au kama imekuwa ikipanda na kushuka ndani ya saa 24 zilizopita. Kupanda na kushuka anaweza kukujua kwa kusoma kumbukumbu za zamu na kuwauliza wenzake waliokesha. Alivyokuwa kabla ya kuugua hawezi kukujua, kwani alimpokea baba yako akiwa mahututi tayari, na hakuwahi kumwona ufukweni akipanga bei na wachuuzi. Ndiyo maana mkiulizwa mzee alikuwaje, msijibu kwamba alikuwa mzima mkaishia hapo. Semeni kwamba mwezi uliopita alikuwa anajua kwa kichwa nani anadaiwa fedha za dagaa na kiasi gani. Au semeni, kama ndivyo ilivyo, kwamba kwa mwaka mzima sasa amekuwa akipotea njia ya nyumbani na kuwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Majibu hayo mawili humpeleka muuguzi njia mbili tofauti, kwa sababu usahaulifu wa uzeeni huja polepole kwa miezi na miaka, na deliriamu huja kwa saa na siku. Ingawa mwenye usahaulifu huo ndiye anayeingia kwenye deliriamu kwa wepesi zaidi.

Jambo la pili ni umakini, na hapo ndipo zinapokuja herufi. Muuguzi humshika mgonjwa mkono na kumwambia kwamba atamtajia herufi, na kila atakaposikia A abane, herufi nyingine yoyote asibane. Kisha huzitaja kumi, kwa sauti ya kawaida, akiachanisha kwa sekunde tatu hivi: S, A, V, E, A, H, A, A, R, T. Kutobana kwenye A ni kosa, na kubana pasipo A ni kosa. Makosa yakizidi mawili, umakini umepotea. Ukisimama karibu utaona mengi ambayo fomu haina nafasi ya kuyaandika. Mmoja huanza vizuri, anabana A ya kwanza na ya pili, halafu macho yanapanda darini na vidole vinalegea kana kwamba muuguzi ameshaondoka. Mwingine akishabana mara moja haachii tena, anabana kila herufi hadi mwisho. Na wote wawili huenda dakika chache nyuma waliitikia salamu za jamaa zao bila kasoro. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalowapoteza ndugu wengi: ukimwamkia baba yako shikamoo naye akaitikia marahaba vizuri kabisa, haina maana kwamba deliriamu imeondoka. Salamu imekaa mdomoni mwake tangu utotoni na hutoka yenyewe, lakini kufuatilia herufi kumi mfululizo hadi mwisho kunahitaji ubongo ulio kazini.

Asiyejua kusoma hupimwa bila shida, kwani anachotakiwa kutambua ni sauti wala si maandishi, na zipo pia picha zinazoweza kutumika badala ya herufi. Yanayoharibu kipimo ni mengine. Mzee ambaye sikio lake moja halisikii, na muuguzi amesimama upande huo, ataonekana amepotea kumbe hajasikia. Mgonjwa aliyelala siku nyingi kwenye mashine huweza kudhoofika misuli hadi ashindwe kubana, na huyo inafaa akubaliane na muuguzi ajibu kwa kupepesa macho. Halafu kuna lugha. Wazee wengi wa Kigoma wanakijua Kiswahili vizuri, lakini wakiugua sana huirudia lugha ya kwao, na mzee anayejibu kwa Kiha asichukuliwe kwamba anaropoka kwa kuwa tu muuguzi ametoka mkoa mwingine. Kama baba yako ana shida ya masikio, kama huvaa miwani, kama Kiha ndicho anachofikiria nacho, mwambieni muuguzi leo, na ombeni yaandikwe kwenye faili ili zamu ya usiku iyakute.

Sasa lile jiwe. Mgonjwa akionekana na jambo la kwanza na la pili kwa pamoja, yaani akili imebadilika au inapanda na kushuka, na umakini haupo, muuguzi huangalia la tatu, ambalo ni ile namba ya Richmond. Ikiwa ni kitu chochote kisicho sifuri, mgonjwa ana deliriamu na kipimo kimekwisha. Hana haja ya kumuuliza zaidi. Ni pale tu anapokuwa macho na ametulia kwenye sifuri ndipo huendelea na la nne, ambalo ni mpangilio wa mawazo: je, jiwe huelea juu ya maji, je, baharini kuna samaki, je, kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili, je, nyundo hupigilia msumari? Yapo maswali mengine manne ya kubadilishia, ili mgonjwa asijibu kwa kukariri, nayo huuliza kama jani huelea, kama baharini kuna tembo, kama kilo mbili ni nzito kuliko moja, na kama nyundo hukata mbao. Wauguzi wenu wameweka ziwa mahali pa bahari, na kwa maoni yangu wamefanya vyema, kwani mzee wa Kibirizi aulizwe maji anayoyajua. Mwishoni humwonyesha vidole viwili na kumwambia naye aonyeshe vingapi anavyoviona, halafu afanye hivyohivyo kwa mkono wa pili bila kuonyeshwa tena. Makosa yakizidi moja katika hayo yote, mawazo hayana mpangilio. Kwa hiyo ukiwasikia wamefika kwenye jiwe, chukua hiyo kuwa habari: saa hiyo baba yako alikuwa macho na ametulia, na bado walitaka kuhakikisha.

Hawawezi kumpima mara moja wakamaliza. Akili ya mwenye deliriamu ni kama karabai iliyopungua upepo, ambayo hufifia, hushika tena, ikafifia. Aliyejibu yote saa tatu asubuhi anaweza kukosa yote saa tano usiku, na kipimo cha mchana pekee kingemwandika mzima. Hospitali nyingine hutumia orodha iliyotengenezwa Montreal, Kanada, ambayo nayo ni ya mwaka 2001. Muuguzi hujaza mambo manane aliyoyaona katika zamu nzima, kama vile maruweruwe, maneno yasiyoshikana na usingizi uliogeuka, na yakitimia manne deliriamu inashukiwa.

Kipimo kikishasema ndiyo, kazi kubwa ndiyo inaanza, kwa sababu deliriamu ni alama kwamba kuna kitu kinaendelea. Muuguzi mzuri hapandi moja kwa moja kwenye sindano ya kutuliza. Kwanza hutazama oksijeni na kupima sukari, kwani sukari iliyoshuka huua haraka na hurekebishwa kwa dakika. Katika mikoa yetu hii kipimo cha malaria hakikwepeki, hata kama mgonjwa aliletwa kwa sababu nyingine. Kwa mtu aliyetobolewa utumbo na ugonjwa, hofu ya kwanza ni usaha uliobaki tumboni au maambukizi kuenea kwenye damu. Yapo pia madogo yanayosahaulika, kama mkojo uliojaa kwa sababu mpira umeziba, choo kilichofunga siku nyingi, na maumivu ambayo mgonjwa hawezi kuyasema. Dawa nazo hupitiwa moja moja, hasa zile za jamii ya diazepamu na midazolamu, ambazo humlaza mgonjwa lakini huongeza hatari ya kuchanganyikiwa.

Hapa lipo swali ambalo familia nyingi hulijibu kwa aibu, nami nakuomba mlijibu kwa ukweli: kama mzee alikuwa anakunywa gongo au pombe nyingine kila siku, semeni, hata kama nyumbani jambo hilo halitajwi. Mnywaji wa kila siku aliyekatishwa ghafla na ugonjwa huweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani na kupata degedege ndani ya siku chache, na hali hiyo huweza kuua. Tiba yake ni hiyohiyo diazepamu ambayo kwa mgonjwa mwingine tungeikwepa. Muuguzi asipoambiwa, anaweza kumnyima dawa inayomfaa kwa nia njema kabisa. Hali kadhalika dawa za miti shamba alizokunywa kabla ya kuja.

Kwa shangazi, mwambie kwa heshima kwamba ninamwelewa anayemwona kaka yake akizungumza na watu wasiokuwepo. Lakini mwambie pia kwamba kumtoa mgonjwa huyu kitandani sasa ni kumtoa kwenye oksijeni, kwenye dawa za kuua vijidudu na kwa watu wanaoangalia mshono wake, wakati ambapo ubongo wake unaonyesha kwamba mwili bado unapambana. Wala huu si wazimu. Mwenye maradhi ya akili kwa kawaida hujua yuko wapi na leo ni lini hata anaposikia sauti. Mwenye deliriamu hupoteza mahali na wakati, na mara nyingi huona zaidi kuliko anavyosikia. Kama mnataka kumwombea, ombeni hapo kitandani, kwa sauti ya chini, akisikia sauti anazozijua. Hilo humsaidia.

Nasema humsaidia kwa maana ya kitabibu. Hakuna kidonge kinachoifuta deliriamu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa 566 ama haloperidoli, ama dawa nyingine ya jamii hiyo, ama dawa isiyo na kitu ndani, na waliopewa dawa halisi hawakupata nafuu mapema kuliko wenzao. Dawa hizo hubaki kwa mgonjwa ambaye fujo yake inamhatarisha yeye au wengine. Kinachobaki ni kutibu chanzo, kupunguza dawa za usingizi, kumkalisha na kumtembeza mapema kadiri daktari anavyoruhusu, kumwacha alale usiku na awe macho mchana, na kuwa na watu wake karibu. Ukiingia, jitambulishe hata kama wewe ni mwanawe: baba, ni mimi fulani, uko hospitali hapa Kigoma, ulipasuliwa tumbo, leo ni Alhamisi, sasa hivi wameadhini magharibi. Mvalishe miwani yake. Akisema mtumbwi unamwacha, usimcheke na usibishane naye. Mwambie mtumbwi umefungwa salama, kisha mrudishe taratibu mahali alipo. Msiingie watu sita kwa mpigo. Asifungwe mikono kwa kitambaa ili tu atulie, kwani kufungwa huongeza mahangaiko. Badala yake mmoja wenu aombe ruhusa ya kukaa naye jioni, saa ambazo hali huchachamaa.

Kuhusu kama atabaki hivi, nitakujibu bila kukuficha. Wengi huondokewa na deliriamu kadiri ugonjwa uliosababisha unavyotibiwa, wengine kwa siku, wengine kwa wiki. Lakini haipiti bila alama kwa kila mtu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa mahututi 821, na baada ya miezi 12 kama theluthi moja ya waliopimwa walikuwa na upungufu wa kufikiri na kukumbuka unaofanana na wa mtu aliyeumia kichwa kwa kiwango cha kati. Waliokaa na deliriamu siku nyingi zaidi ndio walioathirika zaidi. Ndiyo maana wauguzi hao hawataki ikae hata siku moja bila kujulikana.

Atakaporudi nyumbani msimkabidhi hesabu za nyavu na fedha wiki ya kwanza. Mrudishieni kidogo kidogo, mkiangalia anavyozimudu. Huenda akakumbuka vitu ambavyo havikutokea, kwamba alifungwa, kwamba mtu alitaka kumuua, na atavikumbuka kwa uhakika wote; kaa naye umweleze siku kwa siku kilichotokea, na kama unaweza, anza leo kuyaandika kwenye daftari ili uwe na cha kumsomea. Na baada ya kuruhusiwa, ikitokea ghafla ameanza tena kuchanganya maneno, au amekuwa mkimya na mwenye usingizi kuliko jana yake, hata kama hana homa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.